Nani Ataipokea Noti Ikirudi?

Asubuhi kwenye stendi ya Nyabugogo, hapa Kigali, pesa huwa na majina matatu kabla basi halijajaa. Mnyarwanda anadai amafaranga. Mrundi aliyehamia hapa miaka mingi iliyopita bado anahesabu amahera. Sisi wa Biryogo, mtaa ambao wazee wetu waliufanya wa Waswahili, tunasema hela.

Amahera na hela ni neno moja. Ni heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1904 katika koloni lao la Afrika Mashariki, heller 100 kwa rupia moja. Faranga ililetwa na Wabelgiji, waliowafukuza Wajerumani mwaka 1916. Rwanda ilichukua neno la mshindi, Burundi ikabaki na la aliyeshindwa, na Kiswahili kikalihifadhi lile la zamani hata huko Dar es Salaam, ambako mshindi hakuwa Mbelgiji bali Mwingereza na shilingi yake. Sarafu zenyewe zilikwisha zamani.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu mji huu umeona, ndani ya miaka isiyozidi themanini, pesa ikifa na kuzaliwa mara kadhaa, na karibu kila mara palikuwa na vita nyuma yake. Anayetaka kuelewa kilichotokea Kigali Januari 1995, siku noti za nchi zilipobadilishwa, atasaidika akitazama kwanza miji ya Ujerumani ilivyojichapia pesa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, halafu Tabora ya mwaka 1916. Wengi wakizungumzia pesa za dharura hutazama karatasi: ilichapwa na nani, ina picha gani, ilikuwa na sifuri ngapi. Mimi naona karatasi ni jambo la pili. La kwanza ni dirisha. Noti hii ikirudi ilikotoka, kuna mtu upande wa pili atakayeipokea?

Ujerumani ndiko ugonjwa wa pesa za dharura ulikoonekana kwa ukubwa wake wote. Tarehe 4 Agosti 1914, vita vikiwa vimeanza tu, serikali ya Kaisari iliondoa haki ya mwananchi kupeleka noti benki akapewa dhahabu. Watu hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Sarafu zikajificha, kwanza za fedha, kisha hata za nikeli na shaba, na baadaye jeshi nalo likayataka madini hayo kwa ajili ya makombora. Mwoka mikate akabaki na wateja wenye noti kubwa ambazo hakuweza kuzivunja.

Shida ya chenji tunaijua. Mwenye duka anayekupa pipi mbili badala ya sarafu anafanya, kwa udogo wake, kile kilichofanywa na halmashauri za Ujerumani. Ila pipi ina kasoro moja kubwa: kesho huwezi kumrudishia mwenye duka yuleyule pipi zake ukadai chumvi. Imetoka, hairudi. Halmashauri zilielewa kwamba karatasi yao ingekubalika iwapo tu wao wenyewe wangekubali irudi.

Kwa hiyo zikachapa. Mji, benki ya akiba ya mji, mgodi, kiwanda, kila mmoja na noti yake. Wajerumani waliziita Notgeld, pesa za dhiki. Noti ilikuwa na jina la mji, kiasi, na mara nyingi tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Mwenyeji aliitumia kwa mkate kwa sababu mwoka mikate alijua ataitumia kulipa kodi ya mji, au gesi, au kuipeleka benki ya mji ikahesabiwa kwenye akaunti yake. Nguvu yake iliishia pale mamlaka ya mji yalipoishia. Ukivuka kwenda mji wa jirani unabaki na picha nzuri mfukoni. Vita vilipofikia mwisho mwaka 1918 haja ya noti ilikuwa kubwa kiasi kwamba Benki Kuu ya Ujerumani yenyewe iliiomba miji iisaidie kuchapa.

Baadaye likatokea jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa habari hii yote. Watu walianza kuzikusanya noti hizi kwa uzuri wake. Hameln ilichapa hadithi yake ya mpiga zumari na panya. Bielefeld, mji wa kitani na hariri, ulichapa noti juu ya hariri, kitani na hata mahameli, kazi iliyosimamiwa na Paul Hanke, mkurugenzi wa benki ya akiba ya mji. Kulikuwa na noti za ngozi, na Meissen wakatoa sarafu za kauri. Mweka hazina wa mji akagundua kwamba noti iliyobandikwa kwenye albamu haitarudi dirishani kamwe, na kila isiyorudi ni deni lililofutika bila kulipwa. Ikawa miji mingi inachapa si kwa sababu ya uhaba wa chenji bali kwa kutegemea kwamba karatasi hazitarudi. Mwaka 1922 serikali ilitunga sheria ya kupiga marufuku mchezo huo.

Marufuku hayakudumu. Mwaka 1923 thamani ya marki iliporomoka kwa kasi isiyosemeka, na mitambo ya Benki Kuu ikashindwa kwenda nayo. Miji, viwanda na shirika la reli vikarudi kuchapa, safari hii kwa mamilioni na mabilioni. Novemba dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2. Tarehe 15 mwezi huo ikatolewa pesa mpya, Rentenmark, moja kwa marki trilioni moja za zamani. Kwa kawaida masimulizi huishia hapo, kana kwamba karatasi mpya ndiyo iliyoponya. Lakini kulikuwa na uamuzi mwingine, wa kimya zaidi. Benki Kuu ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 22 Novemba haitapokea tena noti za dharura za miji na makampuni. Tarehe 25, Hjalmar Schacht, kamishna wa sarafu, alikabiliana Cologne na wakubwa wa mji na wafanyabiashara waliojaa hasira, akakataa kulegeza. Hakuna aliyechana noti hata moja. Zilibaki mikononi mwa watu zikiwa na rangi zilezile na mihuri ileile. Dirisha lilifungwa, basi.

Bielefeld ina uhusiano na nchi yetu ambao wakusanyaji wa noti za hariri huenda hawaujui. Pembezoni mwa mji huo kuna Bethel, makao ya Kikristo ya kuwatunza wagonjwa wa kifafa na wasiojiweza, yaliyokuzwa na Friedrich von Bodelschwingh. Misheni ya Bethel ndiyo iliyomtuma Ernst Johanssen na Gerhard Ruccius Rwanda mwaka 1907, wakaanzisha vituo vya Zinga na Kirinda. Kanisa la Presbiteri la leo linaihesabu kazi yao kuwa mwanzo wake. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya wamisionari hao kufika Kirinda, makao ya Bethel yalianza kutoa pesa zao wenyewe za karatasi, za kutumika ndani ya makao na katika maduka yao tu. Pesa hizo zipo hadi leo, sasa kwa thamani ya euro. Miji iliyochapa noti 1914, 1918 na 1923 imezisahau, lakini za Bethel hazikufa, kwa sababu tangu mwanzo hazikuahidi zaidi ya walichoweza kutimiza. Duka liko palepale, na anayeipokea noti ni yuleyule aliyeitoa.

Sasa tuvuke bahari.

Rwanda ya wakati huo haikuishi kwa rupia. Utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe. Majembe, amasuka, yalibadilishwa kwa mtama na mbuzi, na huko magharibi, pande za Kivu na Kinyaga, watu walitumia ubutega, bangili za nyuzi zilizosukwa, kama pesa kwelikweli. Richard Kandt aliianzisha Kigali mwaka 1907 kama kituo cha utawala, wakaja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili kutoka Pwani na Tabora, na pamoja nao rupia. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kudai kodi ya kichwa nchini, na kodi ndiyo mlango ambao pesa ya kigeni huingilia hata kwa asiyeitaka. Mkulima wa Rwanda hakuhitaji rupia kununua kitu. Aliihitaji kwa sababu mtawala aliitaka kwake. Mwaka huohuo ilianza kujengwa reli ya kutoka Tabora kuja pande hizi. Vita vikaisimamisha.

Waingereza walifunga bahari, na Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki iliyoanzishwa mwaka 1905 na kuwa na haki ya kutoa noti za koloni, ikakosa njia ya kupata noti kutoka Berlin. Askari walitaka mishahara, wapagazi walitaka ujira, nafaka na ng'ombe wa jeshi vilitaka malipo. Fedha, yaani ile sarafu nyeupe ya rupia, ilikuwa imekwisha kuzikwa na wenyewe ardhini, kama ilivyozikwa Ujerumani. Kuanzia Machi 1915 benki ikachapa humu humu kolonini noti ilizoziita za muda. Zilichapwa kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, za rangi mbalimbali, nyingine nene kama za kufungia mizigo, na maofisa walizitia sahihi kwa mkono, moja moja. Mtu akiziona leo huona kwanza uchovu wa mkono ule. Kadiri zilivyoongezeka, sahihi zilizidi kuwa mkwaruzo.

Maneno yake yanastahili kusomwa kwa makini kuliko picha yake. Yaliahidi kwamba benki itamlipa mwenye noti kwenye madirisha yake ndani ya koloni, bila kumuuliza yeye ni nani. Noti za rupia moja ziliongeza kwamba thamani yake yote imewekwa amana kwa serikali ya Kaisari ya Afrika Mashariki. Sikilizeni uzito wa ahadi hiyo. Mdhamini ni serikali ya koloni na mahali pa malipo ni ndani ya koloni, wakati koloni lenyewe linaliwa pande zote. Waliochapa hawakusema uongo siku ile. Lakini waliifunga ahadi kwenye kitu ambacho adui alikuwa anakikaribia kwa miguu.

Wabelgiji waliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Septemba, majeshi yao chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliitwaa Tabora. Kabla ya hapo Tabora ilikuwa imegeuka kiwanda cha pesa. Katika karakana ya reli walitengeneza sarafu za heller 5 na 20 kwa shaba, nyingine kutoka maganda ya makombora. Madini ambayo Ulaya yaliondolewa kwenye sarafu yakawe makombora, Tabora yalifanya safari ya kurudi. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake. Zilitoka takriban 16,000. Ni sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka sehemu hizi, nami nasema hivyo bila kusita. Hata hivyo, katika pesa zote za dharura za Tabora, hiyo ndiyo iliyokuwa pesa kidogo zaidi. Aliyeipata aliificha. Dhahabu haihitaji dirisha, kwa hiyo haizunguki. Kazi ya kuzunguka iliachiwa karatasi na shaba.

Mwaka 1917, Wajerumani wakiwa wamesukumwa hadi kusini mashariki mwa Tanzania ya leo, zilitoka noti za mwisho, ambazo wakusanyaji huziita noti za porini. Hazikuwa na mtambo wa kuzichapa. Ziligongwa kwa herufi za mpira kwenye karatasi yoyote iliyokuwapo. Mtu aliyelipwa nayo kwa mtama wake alikuwa amelipwa na jeshi ambalo juma lililofuata lingekuwa bonde jingine. Alichukua kwa sababu mbele yake palikuwa na bunduki. Hapo neno pesa lilikuwa jina la heshima kwa unyang'anyi wenye risiti.

Baada ya vita madirisha yaliyoahidiwa hayakuwepo tena. Bado hati moja ya dhiki ile ilipata wa kuipokea. Askari waliobaki na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hadi kusalimu amri Novemba 1918 walipewa hati za mishahara waliyokuwa wanadai, na katika miaka ya 1920 Ujerumani ilirudi kulipa deni hilo. Walilipwa kwa sababu Ujerumani ilitaka kuonekana bado ina neno lake Afrika, na askari walikuwa ushahidi mzuri wa jambo hilo. Mwanamke wa Masasi, huko kusini mashariki, aliyepewa rupia za mpira kwa nafaka yake hakuwa ushahidi wa jambo lolote ambalo Berlin ililitaka.

Rwanda ikaingia kwenye faranga ya Kongo, ya Banque du Congo Belge. Simulizi ya kipindi hicho haina mengi kwa swali letu, ila jambo moja: kwa zaidi ya miaka arobaini noti iliyotumika Kigali ilikuwa na dirisha lake mbali sana na Kigali. Mwaka 1952 kazi ya kutoa noti ikachukuliwa na benki mpya, ambayo jina lake liliitaja pia Ruanda-Urundi. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 ikabidi kuanzishwa benki ya pamoja ya Rwanda na Burundi. Nchi hizo mbili zilipata uhuru siku moja, tarehe 1 Julai 1962, zikiwa bado na noti moja, na umoja huo haukustahimili uhasama uliofuata.

Mwaka 1964 ndipo Kigali ilipokuwa na pesa zake za dharura za kwanza zilizotolewa na mamlaka yake yenyewe. Banque Nationale du Rwanda iliundwa kwa sheria ya tarehe 24 Aprili mwaka huo, lakini noti mpya hazikuwa tayari. Basi zikachukuliwa noti za benki ya pamoja na kupigwa chapa juu yake: jina la benki mpya na sahihi mpya. Burundi nayo ilifanya vivyo hivyo na za kwake. Noti ambayo mwezi uliopita ingelipa kotekote ikagawanywa kwa wino, hii ya kwetu, ile ya kwao. Nikitazama picha za noti hizo siioni aibu yoyote. Ni kazi ya haraka, chapa nyingine imekaa upande, lakini ilikuwa inasema ukweli: dirisha limehama, sasa liko hapa. Mwaka uliofuata Mjapani Masaya Hattori, aliyetumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, akawa gavana wa benki hiyo, akaiongoza hadi 1971. Mwaka 1966, chini yake, faranga ilishushwa kutoka 50 hadi 100 kwa dola, na mpango wa viwango viwili vya kubadilishia, uliowanufaisha wachache wenye vibali, ukaondolewa.

Tumefika mahali ambapo siwezi kuandika kwa wepesi.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994. Tarehe 12 mwezi huo serikali iliyoyaongoza ilihama Kigali kwenda Gitarama, kisha Gisenyi, na Julai ikavuka mpaka kwenda Goma, nchini Zaire. Ilibeba noti za Benki Kuu. Akiba ya nchi iliyokuwa nje nayo ilikuwa imeguswa: tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza biashara ya silaha ilibaini kwamba Juni 1994, mauaji yakiendelea, malipo kutoka akaunti ya benki hiyo Paris yalikwenda kwa mfanyabiashara aliyehusika na silaha zilizotoka Seychelles na kushushwa Goma. Kwa hiyo noti na dola za nchi zilikuwa silaha, na sisemi hivyo kwa mfano.

RPF, iliyoishinda serikali hiyo vitani, iliingia Kigali tarehe 4 Julai. Serikali mpya iliapishwa tarehe 19, na ilirithi benki ambayo vyumba vyake vya hazina vilikuwa vitupu. Watumishi walifanya kazi miezi ya kwanza bila mshahara. Mitaani palitumika dola za mashirika ya misaada na za wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, shilingi za Uganda zilizokuja na waliorejea kutoka kaskazini, na faranga za Burundi. Faranga ya Rwanda nayo ilitumika, lakini kila aliyeishika alijua kwamba fungu kubwa la noti za aina hiyohiyo, za halali kabisa, zenye namba na sahihi sahihi, liko ng'ambo ya mpaka mikononi mwa jeshi lililoshindwa ambalo lilikuwa linajipanga kurudi.

Hili ni tatizo ambalo Bielefeld haikulijua. Miji ya Ujerumani ilikosa noti, ikatengeneza. Kigali ilikuwa na ahadi nyingi mno zilizosainiwa kwa jina lake, zikiwa kwa wale iliokuwa imewashinda. Kuziheshimu kungekuwa kulilipia jeshi la Goma chakula na risasi kwa jasho la nchi waliyoiua. Kutoziheshimu kulihitaji kuziua zote kwa pamoja, kwa sababu noti haijui imebebwa na nani.

Serikali ilichagua la pili. Noti mpya za faranga 500, 1000 na 5000 zilichapwa zikiwa na tarehe 1 Desemba 1994, na mwanzoni mwa Januari 1995 za zamani zikabadilishwa ndani ya nchi kwa muda mfupi, kisha zikakoma kuwa pesa. Kwa kipimo cha lengo lake uamuzi ule ulifaulu. Mafungu yaliyokuwa kwa viongozi waliokimbia yakawa karatasi. Faranga mpya ilikuwa na benki moja, mahali pamoja, na watu wakaanza kuiamini haraka kuliko ambavyo mtu angetazamia katika mji ambao visima vyake vilikuwa bado vinatolewa maiti.

Naamini ulikuwa uamuzi wa haki, na ningeutetea mbele ya yeyote. Lakini haki ya uamuzi haituondolei wajibu wa kuhesabu ulimwangukia nani.

Kwanza ni manusura. Dirisha la benki linauliza noti, haliulizi ni ya nani. Mjane ambaye nyumba yake ilichomwa na sanduku lake likachukuliwa hakuwa na cha kupeleka Januari 1995. Jirani aliyelichukua sanduku hilo, kama alibaki nchini, alipanga foleni akapewa noti mpya, safi, isiyo na harufu ya moshi. Hakuna benki duniani ambayo ingeweza kurekebisha hilo kwa kubadilisha karatasi, na sijui kama kuna mtu aliyelitarajia. Hata hivyo mara nyingi tunapozungumzia mafanikio ya 1995 tunawaruka watu hao, kana kwamba hasara yao ilikuwa imekwisha kumalizwa na ile kubwa zaidi.

Wengine ni wale waliokuwa katika kambi za wakimbizi nje ya nchi. Katale, Kibumba, Kahindo na Mugunga, upande wa Goma, na Benaco ng'ambo ya Rusumo, huko Ngara. Ndani yao walikuwamo wauaji, walikuwamo waliowaficha wauaji, na walikuwamo watoto, wazee na wakulima waliosukumwa barabarani pamoja na wilaya yao nzima. Wakubwa walikuwa na dola. Walikuwa na akaunti, na waliijua njia ya Seychelles. Aliyekuwa na faranga elfu kumi na tano zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, bei ya kahawa ya msimu wa mwisho, ndiye ambaye pesa yake ilikufa yote. Mpango uliokusudiwa kwa majenerali uliwapata majenerali kidogo, ukampata yeye sawasawa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ujerumani mwaka 1923, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Masasi mwaka 1917: mwenye njia nyingine ya kuweka mali huiona noti ikifa akiwa mbali, na asiye na njia nyingine hufa nayo mkononi.

Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa lazima noti zile zife hata kambini, maana jirani zetu wameonyesha kwamba pesa inaweza kuishi bila aliyeitoa. Zaire, mwishoni mwa 1992, Rais Mobutu alitoa noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo waliingia mitaani Januari 1993 wakapora na kuua. Oktoba mwaka huo ilipoletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, Kasai iliikataa, ikaendelea na noti chakavu za zamani kwa miaka. Somalia nayo, baada ya serikali kuanguka mwaka 1991, shilingi iliendelea kuzunguka bila Benki Kuu yoyote. Kasai na Mogadishu hazikuwa na dirisha la serikali, lakini zilikuwa na soko zima lililokubaliana kupokea. Kila muuzaji alikuwa dirisha dogo la mwenzake. Kambi za Goma zisingeweza kuwa hivyo. Soko lao liliishi kwa vitu vya nje, unga na mafuta vya misaada na ndizi za wenyeji wa Kivu, na mwenyeji wa Kivu hakuwa na sababu ya kupokea faranga ambayo Kigali imeikana.

Kwenye noti nyingi za miji ya Ujerumani tarehe ya mwisho ilikuwa imechapwa juu yake tangu siku ya kwanza. Aliyechelewa alikuwa ameonywa na karatasi yenyewe. Noti za Rwanda za kabla ya 1995 hazikuwa na tarehe ya namna hiyo. Zilisema tu jina la benki na kiasi. Tangazo lilikuwa kwenye redio, na kambini redio ilikuwa chini ya watu ambao hawakuwa na haja ya mtu yeyote kusikia kwamba Kigali kuna pesa mpya, wala kwamba Kigali kuna serikali.

Novemba 1996 kambi za Goma zilivunjika na mamia ya maelfu wakarudi kwa miguu kupitia Gisenyi, siku chache mfululizo, barabara nzima ikiwa watu. Walibeba magodoro, masufuria, watoto mgongoni. Ndani ya baadhi ya mafurushi yale zilikuwamo faranga 500 na 1000 za zamani, zimekunjwa vizuri, zenye jina la Banque Nationale du Rwanda, benki ileile iliyo katikati ya Kigali, mtaa uleule. Ilikuwa imepita miezi 22 tangu Januari ile.